Mgongo Niliowaficha Madaktari

Mgongo ulianza kuniuma wakati watu wa Kikole wanaokota korosho, na kwa wiki tatu za kwanza nilimlaumu mama. Ndiye aliyenishawishi niende shambani kwa kaka siku mbili za mapumziko, nikainama kutwa nzima, na mtu aliyezoea kushika chaki akiinama kutwa nzima lazima kiuno kimkate. Ndivyo nilivyomwambia. Mama akanijibu kwamba nimekuwa legelege tangu nianze kupokea mshahara. Tukacheka. Nakumbuka kwamba tulicheka, kwa sababu baada ya hapo mgongo haukuwa tena jambo la kuchekwa nyumbani kwetu.

Wakati ule nilikuwa nafundisha sayansi katika shule moja ya msingi Kilwa Kivinje. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nakaa na mama katika nyumba aliyotuachia baba. Kaka yangu, ambaye amenizidi miaka sita, anaishi Kikole na mkewe, watoto wake na mikorosho yake. Ni mtu wa maneno machache mpaka akasirike. Hao ndio watu wangu, mama na kaka, na nilichowafanyia kinaniuma kuliko mfupa.

Maumivu yenyewe hayakuwa na makazi. Ukiniuliza asubuhi, yako kiunoni. Mchana yamepanda. Jioni yamezunguka mbavuni mpaka mbele, kama mtu amenifunga mkanda akaukaza mpaka tundu la mwisho. Nikipiga chafya nashika meza. Magharibi mwili unapata joto, si homa ya kukulaza, joto la kukera tu, na kanga niliyojifunga naikuta imelowa jasho. Nikaanza kukonda. Walimu wenzangu wakanisifu, wakataka kujua nakunywa nini. Nikawaambia maji ya ndimu. Nilikuwa naoza ndani huku nafurahia sifa.

Daktari wa kwanza, wa kituo cha afya, hakuinua macho. Aliniuliza kazi yangu, nikasema mwalimu, akasema basi ni hiyo hiyo, mnasimama sana. Akanipima mkojo akakuta yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Huku kwetu sijapata kuona mwanamke aliyepimwa mkojo akakosa yutiai. Sindano, vidonge, na karatasi ya ED ya siku saba nikapumzike. Nilipumzika, nikaamka nikiwa na hali mbaya zaidi. Wa pili alisikia habari za mkanda wa mbavuni akaamua ni vidonda vya tumbo, akanikataza maharage, pilipili na chai ya rangi. Miezi miwili nilikula ugali na samaki wa kuchemsha, na mgongo ukaendelea na shughuli zake. Muuza duka la dawa alinipa dawa ya kuchua yenye harufu kali mpaka wanafunzi wa madawati ya mbele wakawa wanakunja nyuso.

Mpaka hapo sikuwa nimemficha mtu kitu. Madaktari wale wangenivua wangekuta ngozi safi. Hawakunivua, na kosa hilo ni lao. Yaliyofuata ni yangu.

Mama ndiye aliyeanza. Alikuwa anachambua mboga, hakunitazama.

"Hospitali umekwenda, mwanangu. Sasa twende na huku."

"Huku wapi?"

"Usijifanye hujui."

Nilijua. Na sina budi nieleze kwa nini mimi ndiye niliyepaswa kuwa mtu wa mwisho Kivinje nzima kwenda huko. Kila mwaka nilifundisha magonjwa ya kuambukiza darasa la tano, na kila mwaka nilichora wembe ubaoni, mkubwa, nikawaambia watoto kwamba chale ni ujinga, ni njia ya kuingiza maradhi mwilini. Watoto wakirudi nyumbani wanawahukumu bibi zao. Kaka alipompeleka mwanawe kuchanjwa chale kwa ajili ya degedege, nilifunga safari mpaka Kikole kumgombeza. Nilimgombeza mbele ya mkewe na mbele ya mama mkwe wake. Nilimwita mjinga. Aliendelea kushona magunia yake. Sasa mimi huyo huyo nilimfuata mama kwa mganga, baada ya kumwapisha kwamba kaka asijue, majirani wasijue, na shuleni ndiyo kabisa.

Nilitegemea kumkuta mzee. Nilimkuta kijana wa miaka kama thelathini, amevaa jezi ya mpira, simu yake inaita kila mara. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba huku natamani ardhi inimeze. Uganga ameurithi upande wa mama yake, lakini siku nyingine analima ufuta kama watu wote wa pale. Mama alikaa pembeni, nami nikavua gauni, nikajifunga kanga kifuani, nikampa mgongo.

"Unauma wapi, mwalimu? Usinambie kwa mdomo. Shika mkono wangu uuweke."

Hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo. Niliuweka mkono wake kiunoni. Akafungua wembe, akanionyesha karatasi yake. "Mpya huu. Msije mkatusema tena huko shuleni." Akanichanja chale ndogo ndogo, safu moja, akapaka unga mweusi wa mizizi iliyochomwa. Uliwasha vibaya. Siku nne nilipata nafuu, au nilitaka kupata nafuu, sijui. Nilirudi mara ya pili, akanichanja juu zaidi, mbavuni, maana maumivu yalikuwa yamehamia huko.

Mara ya tatu masika yalikuwa yameanza. Alifungua wembe kama kawaida, lakini kabla ya kuchanja alipitisha kidole gumba kwenye uti wa mgongo, pingili moja moja, kuanzia shingoni. Alipofika katikati akasimama. Akarudi juu, akashuka tena, akasimama palepale. Nikasikia anaurudisha wembe kwenye karatasi.

"Mama, hebu njoo uguse hapa."

Mama akagusa. "Pana kinundu," akasema.

"Si kinundu cha nyama. Mfupa umetoka." Akanizunguka akachuchumaa mbele yangu, tukatazamana. "Mwalimu, nyama naiweza. Jini nitabishana naye. Mfupa siuwezi. Hii ya hospitali. Nenda Lindi, uwaonyeshe hapahapa, wasikupe vidonge tena. Ukikaa nayo hii itakukaanga."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemtafuta daktari sahihi kwa miezi, na mtu wa kwanza kuuona ugonjwa wangu alikuwa kijana mwenye jezi, kwenye kibanda cha udongo. Ningekuwa na akili ningembusu mkono. Nilichofikiria, nakiri, ni namna ya kufika Lindi bila kumtaja.

Kaka aliacha palizi akanipeleka. Tulipanda basi la alfajiri, yeye dirishani, mimi nimeegemea kiti cha mbele kwa sababu kuegemea nyuma kulikuwa kunanishinda. Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa bara, mpole, sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya. Kaka alikuwa nje kwenye benchi. Daktari akanawa mikono, akasema:

"Mwalimu, naomba uvue gauni nikuone mgongo."

Nilikuwa nimevaa baibui, ndani gauni, ndani ya gauni shimizi, na chini ya vyote hivyo safu mbili za chale nyeusi tii. Nilijua zinavyoonekana. Nilijua atakachosema, maana mwenyewe nilikuwa nakisema kila mwaka mbele ya watoto sabini. Nikamwambia:

"Daktari, mimi ni mwanamke wa Kiislamu. Sivui mbele ya mwanamume."

Akaona haya, maskini. Akaniomba radhi. Akasema ataita muuguzi wa kike asimame nasi, au atamwomba daktari wa kike wa wodi nyingine aje anitazame. Nikasema hapana, hata hivyo sivui. Ulikuwa uongo mtupu. Dini yangu naijua, na ruhusa ya matibabu naijua, nimeisikia kwa masheikh tangu nikiwa msichana. Nilimtanguliza Mungu mbele nikajificha nyuma yake, nisionekane na mtu mmoja nisiyemfahamu hata jina.

Akanipapasa juu ya nguo, matabaka matatu kati ya vidole vyake na mfupa wangu. Nilimwambia kinachouma zaidi ni kiuno. Alipopita katikati ya mgongo niliuma meno.

"Hapa?"

"Kidogo."

Akaandika nipigwe picha ya kiuno. Nilitaka mashine ione yenyewe bila mimi kusema. Mashine ilipiga pale ilipoelekezwa. Picha ilitoka safi, daktari akaniambia mifupa ya kiuno changu haina tatizo, na kaka akaishika ile picha juani nje ya jengo, akaikagua kana kwamba anajua kuisoma. Alifurahi mno. Mimi nilijua. Safari nzima ya kurudi Kivinje nilikuwa nimekaa karibu naye, najua.

Miezi ikapita hivyo. Kwanza vidole vya miguu vikaingia ganzi. Halafu ndala zikawa zinavuka mguuni nami sina habari, mpaka mtu aniambie. Nikawa natembea nikitazama chini kama niliyeangusha sindano. Mama akinikogesha anakiona kinundu, kilikuwa kimekuwa kama ngumi ya mtoto.

"Waambie," alikuwa akisema.

"Niwaambie nini? Kwamba mganga kaona, wao hawajaona?"

Ananyamaza kwa sababu nilimwapisha, na kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Mama yangu hakufika darasa la nne, na maisha yake yote amenisikiliza mimi katika mambo ya vitabu na hospitali. Kumbe alikuwa sahihi kila mara, na kila mara nilimnyamazisha.

Tulirudi Lindi mara mbili. Mara ya pili kaka aliacha mikorosho ikitaka kupulizwa salfa, na salfa haisubiri mtu, ukichelewa ukungu unakula maua. Alikuwa amechoka, ana hasira, anamwona mdogo wake anakwisha. Daktari yule yule akasema anashindwa kunisaidia bila kunipima vizuri. Kaka alikuwa mlangoni, akaingia bila kubisha.

"Umesomea wapi wewe? Miezi yote hii unamtazama tu!"

"Bwana, naomba tuelewane. Nataka kumpima mgongo, mwenyewe anakataa kuvua."

"Unataka kumpima au unataka kumvua?" Kaka alipiga kelele mpaka benchi lote nje likasikia. Kisha akamtukana mama yake. Mama aliyemzaa daktari yule, mahali huko bara, alitukanwa tusi ambalo siwezi kuliandika.

Daktari akaweka kalamu chini. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, akisubiri niseme neno moja tu, na mimi nikatazama sakafu. Nimeshafanya mabaya mengine maishani, lakini nikitaka kujichukia haraka, naikumbuka sakafu ile. Ilikuwa ya saruji nyekundu, ina ufa.

Nilianguka darasani, darasa la sita, saa nne kasoro asubuhi. Nilikuwa nafuta ubao. Sikuteleza wala sikusikia kizunguzungu. Miguu haikuwepo, basi. Nikajikuta chini na duster mkononi, na baada ya muda nikaona sakafu imelowa, nikaelewa kwamba ni mimi. Wasichana wakawafukuza wavulana nje, wakavua mitandio yao wakanizungushia, wakasimama wamenipa migongo mpaka walimu walipokuja. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka, ningekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Hospitalini walikonifikisha hawakuniuliza kama navua au sivui. Muuguzi alilikata gauni kwa mkasi. Daktari alikuwa msichana mdogo kwangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akanigeuza ubavu. Nikafumba macho nikasubiri. Nikasubiri yale maneno yangu, ujinga, wembe, maradhi. Nilisikia kidole chake kinapita juu ya chale.

"Za kwanza zipi, mama? Hizi za chini?"

"Za chini."

"Halafu zikafuata za mbavuni. Lini?"

Nikamwambia. Akawa anaandika. Hakunisema hata kidogo. Alizisoma kama cheti, wapi maumivu yalianza, wapi yakaenda, mwezi gani. Kitu nilichokificha ndicho alichokihitaji. Kisha akakigonga kinundu kwa ncha za vidole, nikapiga ukelele, na picha ya mahali penyewe ikapigwa siku ile ile. TB ya mfupa, alisema. Imekula pingili mbili, zimeporomoka, zimebana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni.

"Mimi sikohoi," nikamwambia. Mwalimu wa sayansi.

"Hii haikohoi," akasema. "Kinundu hiki mlikiona lini mara ya kwanza?"

Mama alikuwa miguuni kwangu. Kaka alikuwa amesimama dirishani. Ningeweza kusema juzi. Nilichoka.

"Miezi saba iliyopita," nikasema. "Mganga alikiona. Akaniambia niwaonyeshe. Sikuwaonyesha."

Daktari akaacha kuandika. Kaka akageuka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tukiwa Lindi? Siku ile?"

"Nilijua, kaka."

Akamtazama mama, mama akainamisha kichwa. Akatoka. Nilidhani hatarudi, na nisingemlaumu, lakini jioni alirudi na uji kwenye chupa, akaninywesha kijiko kwa kijiko. Ningekuwa na amani zaidi kama angenipiga.

Nilipelekwa Dar, nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa vyuma. Bingwa aliyenipasua alisema amefanya alichoweza na muda nao umefanya kazi yake. Dawa za TB nilizimeza mwaka mzima, zikigeuza mkojo rangi ya chungwa. Ugonjwa ulikwisha. Mfupa ulipona katika upinde wake. Miguu nayo inasikia moto na baridi, inasikia hata inzi akitua, lakini ukiituma haiendi.

Nyumbani kukawa na neno moja. Utatembea. Mama alilisema kila asubuhi akinigeuza nisipate vidonda. Majirani walilisema wakiniletea maandazi. Mke wa kaka, niliyemtukania mumewe mbele ya mama yake, alilisema akinisuka nywele. Utatembea tu, inshallah. Nami nikaitikia inshallah, nikapanga hata siku nitakayorudi shuleni, nikiwaambia watu darasa nitakaloomba. Kaka peke yake hakulisema. Alikuja kila Ijumaa, akanibeba akanitoa nje, akanirudisha ndani, akaondoka.

Wiki moja hakuja Ijumaa, akaja Jumamosi, vumbi la barabara kuu mwilini. Akakaa ukingoni mwa mkeka. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Nimetoka Lindi," akasema. "Nilimfuata yule daktari. Niliyemtukania mama yake."

Nikamuuliza kama alimkuta.

"Nilimkuta. Hakunikumbuka. Anasema anatukanwa sana." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ikabidi nimweleze yote upya, mgonjwa gani, mgongo upi. Nikamwambia habari ya chale. Nikamwambia wewe hukukosea, mdogo wangu ndiye aliyekuficha, na mimi nikakutukana. Nikamwomba radhi. Akasema yameisha."

"Basi?"

"Akauliza kama unatembea."

Ungo wa mama ukanyamaza. Kaka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile aliposimama dirishani hospitalini, na hakuwa na hasira tena.

"Nikamwambia hatembei," akasema. "Na hatatembea."